Kibodi ya Kaka Chapchap

Kwako kaka yangu,

Pokea salamu za mdogo wako. Kabla hujauliza, mimi ni mzima, kikohozi kile kimekwisha, na studio bado ina paa juu yake. Nawe unaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba sasa unatoka chumbani hadi barazani kwa fimbo bila kushikwa, na kwamba daktari alipokuona mara ya mwisho alitoka akitabasamu. Na mama mwenyewe, goti lake linamruhusu kulala? Mwambie miwani yake iko tayari, nimeifunga vizuri ndani ya mzigo huu uliokuja na barua. Mzigo wenyewe usiufungue kwanza. Soma, ukimaliza ndiyo ufungue. Najua umeshaanza kuupapasa, uache.

Nakuandikia kwa sababu simu huitaki. Kila nikipiga unampa mama, eti tangu upate kiharusi maneno yako yanatoka yamelegea na hutaki kunichekesha. Kaka, umenivunja mbavu miaka yote hiyo ukiwa na ulimi mzima, sasa ndiyo umeona haya? Lakini sawa, ugumu wa kichwa chako naujua, tumeurithi kwa mtu mmoja. Barua huwezi kumpa mama aisikilize kwa niaba yako. Itabidi ukae nayo mpaka mwisho.

Ujumbe wako niliupata. Mama aliufikisha neno kwa neno kama ulivyomwagiza: kwamba niuze kompyuta kubwa pamoja na kiti chako kabla mwezi huu haujaisha, kwamba yule mwenye steshenari ng'ambo ya barabara anavitaka, na kwamba mimi nibaki na ile kompyuta ndogo nipige picha za vitambulisho, zitanitosha. Alisema pia kwamba zile picha za mahafali ya wauguzi nilizokutumia ulizitazama moja moja karibu na dirisha, ukazisifu. Halafu ukasema aliyekata kingo zile ana mikono yake miwili, na wewe umebaki na mmoja, na wa kushoto tena, kwa hiyo hakuna Chapchap tena na tusidanganyane. Mama aliponiambia hayo aliweka simu mezani akaenda kujifuta uso, na dakika zangu zikaliwa bure.

Jibu la ujumbe huo ninalo, na nitakupa. Lakini kwanza niache nijisifu kidogo, maana nimefanya mambo huku na sina wa kumringia.

Unakumbuka nilivyokuwa nilipoanza kazi kwako? Kila nilichotaka kufanya nilishika kipanya, nikapanda nacho juu ya skrini, nikafungua menyu, nikasoma, nikashuka, nikasoma tena. Ulisimama nyuma yangu ukihema kama mtu anayesubiri maji yachemke. Ukaniambia natembea kwenye menyu kama mtalii, nasoma mabango yote na sinunui kitu. Baadaye ukaona mtalii ni sifa, ukaniita Kobe. Jina likanishika mpaka wateja wakadhani nimezaliwa nalo. Kuna mama mmoja aliwahi kuleta bahasha imeandikwa kwa heshima zote, Kwa Bi. Kobe.

Ndipo ulipokuja nyumbani kwa mama na ile kibodi iliyomwagikiwa chai. Ilikuwa imekufa kabisa, haiandiki hata herufi moja. Ukaiweka mezani mbele yangu, katikati ya sahani, waya wake ukining'inia chini ya meza bila kuunganishwa na kitu. Ukasema huo ndio ugali wangu wa jioni. Ukawa unataja, mimi nabonyeza. Hifadhi: Kontroli na S. Rudi nyuma: Kontroli na Z. Brashi: B. Muhuri wa kufunika madoa: S peke yake. Badilisha rangi ya mbele na ya nyuma: X. Nikikosea unagonga meza kwa kijiko. Mama alidhani tumerukwa na akili, watu wazima wawili wanagombana juu ya ubao usio na umeme. Lakini wewe na mimi tunajua kilichotokea. Siku ile ulitaja rudi nyuma, mimi nikaduwaa, na mama akajibu Z kutoka jikoni huku anaosha vyombo. Ulicheka mpaka ukashuka kitini.

Naam, Kobe huyo huyo ndiye aliyebaki na studio ulipoanguka. Wiki za kwanza sikufanya kazi ya maana. Nilikuwa nafungua mlango, navuta pazia la chumba cha kompyuta, nakaa kwenye kiti chako nikiitazama kibodi yako. Kaka, umewahi kuitazama? Upande wa kushoto vitufe vimelika. S haina herufi, Z haina herufi, Kontroli imebaki kama kokoto ya mtoni. Upande wa kulia ni kama imetoka dukani leo. Niliona hivyo kila siku na sikulitilia maanani. Nilichofikiri ni kwamba nikifuata vitufe vilivyolika nitaijua njia yako ya kazi, na nikaanza kuvifuata.

Halafu akaja mkuu wa chuo cha wauguzi. Unamjua, yule mrefu mwenye miwani ya mnyororo, asiyecheka. Aliuliza Chapchap yuko wapi. Nikamwambia anaumwa, yuko kwa mama anapumzika. Akasema pole, akasema basi picha za mahafali atapeleka kwingine, kwa sababu kabla hawajakujua wewe walipeleka kwa mtu akawakata wasichana masikio pichani. Akageuka kuondoka. Sijui nilipata wapi ulimi, nikamwomba akae kidogo, nimfanyie picha moja mbele ya macho yake, asipoipenda aende. Akakaa shingo upande, akaanza kutafuta leso kwenye mkoba. Nikampiga picha, nikaifungua, nikaona kipanya hakinihusu sana, vidole vyenyewe vinakwenda. Nikamkata nikamtenga na ukuta wa nyuma yake, nikafuta mng'aro wa miwani, nikasawazisha rangi, nikahifadhi. Alipoipata leso akaniuliza naanza saa ngapi. Nikamgeuzia skrini.

Aliinama karibu na skrini. Kisha akasema kazi ni yangu, yote, chuo kizima. Mimi nikaitikia kwa adabu, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikacheza peke yangu. Kama jirani alichungulia basi ameona kitu cha kusimulia.

Kazi yenyewe hukuiona inapofanyika, kwa hiyo nikueleze ujue ukubwa wake. Wasichana na wavulana wamevaa nguo nyeupe, kofia nyeupe, na chuo kikaamua wasimame mbele ya ukuta mweupe, kwa sababu ndio kwanza wameupaka rangi mpya wakauonea fahari. Ukingo wa kofia unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi, macho yanauma kutafuta. Na picha ya pamoja ndiyo usiseme. Katika kila picha kuna mmoja amefumba macho, na si huyo huyo. Mmoja wa mstari wa mbele anacheka katika zote, na mkuu wa chuo hataki kicheko. Ilibidi nichukue macho ya picha hii niyaweke kwenye picha ile, mdomo wa hapa niupeleke pale, na mtu asijue.

Kabla sijakata hata ukingo mmoja kibodi ikaniharibikia, au ndivyo nilivyodhani. Unajua nina tabia ya kugongagonga Shifti ninapofikiri. Nikaigonga mfululizo, kikatokea kile kidirisha ulichokuwa ukikitukana, kinachouliza kama unataka vitufe vinavyonata. Wewe ulikuwa unakifunga kabla hakijamaliza kutokea. Mimi nilibonyeza kukubali bila kusoma. Tangu hapo mambo yakaenda kombo. Nikigusa Kontroli nikaachia, yenyewe haiachii. Nikabonyeza W nichukue fimbo ya kuchagulia, picha ikajifunga usoni pangu. Nikajaribu Q, programu nzima ikaondoka.

Nikamwita rafiki yako fundi wa kompyuta. Alikuja taratibu kama kawaida yake, bisibisi mfukoni, akatazama, akacheka. Akaniambia kibodi ni nzima. Akasema kidirisha kile hawakukiweka kuwaudhi watu, kimewekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kushika vitufe viwili kwa pamoja. Anabonyeza Kontroli, inamngoja. Anapata nafasi, anabonyeza S, picha inahifadhiwa. Hakuna haja ya vidole kutanuka wala mkono wa pili kusaidia. Kisha akanyoosha kidole akizime. Nikamshika mkono. Nikamwambia akiache hivyo hivyo. Akauliza kwa nini, nikasema nitamwambia siku nyingine, akanitazama kwa jicho la pembe, akaenda zake.

Kazi niliikamilisha siku tuliyopatana. Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe, akazipanga picha juu ya kaunta, akapitisha ukucha kuzunguka kila kofia akitafuta kosa. Alipofika ya mwisho akavua miwani, akasema namwona Chapchap amepona. Nikamjibu bado. Akasema basi ameacha mkono wake humu ndani. Akatuagizia na za mwaka ujao papo hapo. Kaka, najivunia siku ile. Sioni haya kusema. Nimefundishwa na mtu mwenye jina mjini, na jina hilo sikulitia doa.

Sasa jibu la ujumbe wako.

Picha zile ulizozitazama karibu na dirisha hazikukatwa na mikono miwili. Zimekatwa na mmoja, wa kushoto. Tangu fundi alipotoka mlangoni siku ile mpaka nilipomkabidhi mkuu wa chuo kazi yake, mkono wangu wa kulia haukugusa kibodi wala kipanya.

Usinikatize, soma. Mama alikuwa ameniambia kwamba unakaa barazani mkono wa kulia umeulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine ulioombwa kuushika. Maneno hayo hayakunitoka. Fundi alipokuwa anaeleza vitufe vinavyonata nilikuwa naitazama kibodi yako, kushoto imelika na kulia ni mpya, ndipo akili ikanifunguka. Kazi yote ya Chapchap ilikuwa inafanywa na mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unaburuta kipanya tu. Na ule unaojua kazi, kaka, umebaki nao.

Lakini sikutaka kukupa matumaini ya bure. Nilisema kwanza nijaribu mimi. Nikahamishia kipanya kushoto, na vitufe vyake vya kubofya nikavibadilisha kwenye mipangilio. Vile vitufe vya kukuza na kupunguza brashi ambavyo vipo mbali kulia, nikavipa kazi vingine vya karibu. Zile hatua tunazorudia kwa kila picha nikazirekodi zote chini ya kitufe kimoja pale juu kushoto. Fundi alipopita siku nyingine akashika kipanya akabofya, menyu zikamfungukia za ajabu, akaapa kompyuta imeingiwa na virusi. Sikumwambia chochote. Nilijifanya nashangaa naye.

Mkono wangu wa kulia ndio ulionisumbua. Nikiusahau kidogo unatoka wenyewe kwenda kusaidia. Nikaukalia, ukafa ganzi. Mwishowe nikautia kwenye mfuko wa sweta, nikaubana na pini. Wateja wa vitambulisho wakaniuliza nimeumia, nikawaambia hapana, umepumzika. Siku za mwanzo zilikuwa aibu tupu. Kipanya kilinikimbia, brashi ikatetemeka, muuguzi mmoja akapoteza nusu ya sikio, na kama si Kontroli na Z tungesemwa mji mzima. Siku moja niliinamisha kichwa juu ya meza yako nikalia. Sikulilia kazi. Nilikuwa nimeshindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji kwa mkono mmoja, nikakufikiria wewe na vifungo vya shati asubuhi, na kwamba hata siku moja hukulalamika kwangu. Halafu nikajifuta machozi kwa mkono wa kushoto, nikaendelea.

Sitii chumvi na sitakudanganya kwamba najua unayopitia. Mimi jioni nilikuwa natoa pini na mkono wangu unarudi. Wala sikuwa na kasi yako ya zamani. Nilikuwa nyuma ya Chapchap na mbele ya Kobe, mahali fulani hapo katikati. Lakini vitufe sikujifunza upya hata kimoja, mkono wa kushoto ulivijua tangu kwenye meza ya mama. Kilichokuwa kigeni ni kipanya peke yake, na kipanya kilikubali. Wewe mwenyewe umekiri, ulipozitazama picha zile ukasema ni za mtu mwenye mikono miwili. Jicho lako halijawahi kukosea kwenye ukingo, ila mara hii.

Kwa hiyo mwenye steshenari nimemwambia hapa hakuna kinachouzwa. Alinuna, akasema uliahidi. Nikamwambia aliyeahidi alikuwa mgonjwa, sasa anapata nafuu, na akitaka kununa zaidi akanunie kwake ng'ambo ya barabara. Kiti chako kipo, nimekipangusa. Kipanya kiko kushoto. Kidirisha cha vitufe vinavyonata sitakizima. Mkuu wa chuo anangoja picha za mwakani, na mimi peke yangu sitaki kuzifanya, si kwamba siwezi, umeshaona naweza. Sitaki tu. Chumba kile kikiwa na mtu mmoja kinachosha, na tangu uondoke hakuna anayenitukana vizuri.

Haya, sasa fungua mzigo. Ndiyo, ni yenyewe, ile kibodi ya chai. Niliikuta nyuma ya kabati la karatasi, nimeipangusa vumbi. Bado imekufa, kwa hiyo hutaharibu kitu. Iweke mezani upande wako wa kushoto. Bonyeza Kontroli, achia, usiwe na haraka, kisha bonyeza cha pili. Mama nimeshaongea naye, kaniahidi kwamba jioni akimaliza kula atakuwa anakutajia. Nilimpima kwenye simu: hifadhi, akajibu S kabla sijamaliza, rudi nyuma, akasema mimi namchezea. Miwani yake imo humo ili akuone vidole. Kijiko cha kugongea meza anacho chake.

Naomba uanze leo. Na nikipiga simu Jumapili, ipokee mwenyewe, hata kama maneno yatatoka moja moja. Mimi nitangoja kila moja.

Nisalimie majirani wote wanaoniulizia, umwambie daktari ahsante yangu, na mama umbusu mkono kwa niaba yangu, ule usioshika kijiko. Nawaombea afya na usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako,
Kobe
(jina hili naliacha mezani kwa mama, ukikosea kitufe, ni lako)